Leo Tolstoy: Kabaila Aliyewafundisha Watoto wa Watwana Kusoma na Kuandika

Jina la Leo Tolstoy linapotajwa katika mihadhara ya fasihi, aghalabu hutajwa sambamba na riwaya zake mbili kuu, Vita na Amani na Anna Karenina, kisha mjadala ukaelekea kwa Dostoyevsky. Ni wachache wanaokumbuka kwamba bingwa huyo wa riwaya alikuwa pia mwalimu wa darasa la kwanza, mtu aliyeketi miongoni mwa watoto wa wakulima akiwaonyesha jinsi sauti zinavyoungana kuwa silabi na silabi kuwa neno. Kazi hiyo hakuiona kuwa mchezo wa tajiri aliyechoka na uvivu. Mnamo 1872, alipokuwa akikamilisha kitabu chake cha alfabeti, alimwandikia jamaa yake mmoja kwamba akishaimaliza kazi hiyo angeweza kufa kwa utulivu. Wakati huo Vita na Amani ilikuwa imekwisha kuchapishwa miaka mitatu iliyotangulia.

Tolstoy alizaliwa mwaka 1828 katika shamba la ukoo wao liitwalo Yasnaya Polyana, karibu na mji wa Tula, yapata kilomita 200 kusini mwa Moscow. Mama yake alifariki kabla ya mtoto huyo kutimiza miaka miwili, na baba yake akafuata mwaka 1837. Yeye na ndugu zake wakalelewa na shangazi na jamaa wengine wa kike. Mwaka 1844 alijiunga na Chuo Kikuu cha Kazan kusomea lugha za Mashariki, akaanguka mitihani, akahamia sheria, na mnamo 1847 akaondoka bila shahada. Haikosi kushangaza kwamba mtu aliyekuja kuandika mengi juu ya ufundishaji alikuwa mwanafunzi aliyeshindwa na chuo, au pengine chuo ndicho kilichoshindwa naye.

Aliporejea Yasnaya Polyana alirithi ardhi, na pamoja na ardhi hiyo akarithi watu. Watwana wa Urusi walifungamanishwa na shamba. Mwenye shamba aliweza kuwauza, kuwacharaza na kuwatuma jeshini. Watoto wao hawakuwa na shule. Mwaka 1849, akiwa kijana wa miaka 21, Tolstoy alijaribu kuwafungulia shule ndogo, lakini jaribio hilo halikudumu. Alikwenda Kaukasi mwaka 1851, akaingia jeshini, akachapisha kitabu chake cha kwanza, Utoto, mwaka 1852, na akashuhudia kuzingirwa kwa Sevastopol katika vita vya Krimea. Aliporudi alikuwa mwandishi mashuhuri. Mnamo 1859 aliiacha mikutano ya waandishi wa mjini na kufungua shule upya nyumbani kwake.

Punde aligundua kwamba hajui kufundisha, na wala hakuona haya kwenda kujifunza. Katika safari yake ya 1860 hadi 1861 alipita Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uingereza na Ubelgiji, akaingia darasani kila alipoweza. Ilikuwa safari ya majonzi pia, kwa kuwa ndugu yake Nikolai alifia kusini mwa Ufaransa mnamo Septemba 1860. Mengi aliyoyaona shuleni yalimchukiza. Katika Ujerumani, nchi iliyosifiwa kote kwa ualimu wake, aliona watoto wakikariri kwa woga. Baadaye alieleza kwa kejeli somo ambamo mwalimu huwaonyesha watoto picha ya samaki na kuwauliza wanaona nini. Watoto hujibu kwamba wanaona samaki, nao huambiwa wamekosea, kwa sababu mbinu ilitaka waseme kwanza kwamba wanaona kitabu. Huko Marseille alikuta kwamba wanafunzi hawakuweza kutumia waliyofundishwa, ilhali watu wa mji huo walikuwa werevu na wenye maarifa. Alipochunguza akaona kwamba maarifa hayo yalitoka mikahawani, kwenye maonyesho, na katika riwaya za bei rahisi za Dumas. London alizuru shule kwa msaada wa Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi wa shule. Alirudi nyumbani akiwa na shehena ya vitabu na imani moja thabiti, kwamba mtoto asiyependa shule hana kosa. Kosa ni la shule.

Wakati huo huo historia ilikuwa imebadilika. Mnamo Februari 1861 Mfalme Aleksanda wa Pili alitangaza ukombozi wa watwana. Watu walioitwa mali jana waliambiwa leo kwamba ni raia, na wakakabidhiwa nyaraka za mgawanyo wa ardhi wasizoweza kuzisoma. Tolstoy alikubali kazi ya upatanishi baina ya wakulima na wenye mashamba, akachukiwa na makabaila wenzake kwa kuwapendelea wakulima, na akajiuzulu mwaka 1862. Kujua kusoma, katika mazingira kama hayo, ilikuwa kinga ya mtu dhidi ya kudhulumiwa.

Shule yenyewe ilikuwa katika jengo la mawe la ghorofa mbili. Kengele ilipigwa asubuhi, na watoto wakatoka kijijini makundi makundi, mikono mitupu. Hawakubeba vitabu wala madaftari, na hakuna aliyepewa kazi ya kufanyia nyumbani. Waliojiandikisha walikuwa takribani 40, wavulana kwa wasichana, ingawa mara chache walizidi 30 kwa siku moja. Walimu walikuwa wanne. Kila mtoto aliketi alipotaka: kwenye kiti, dirishani, sakafuni au mezani. Mtoto aliyechoka aliweza kuondoka, na wakati mwingine darasa zima liliinuka na kwenda zake. Adhabu ya viboko haikuwako. Tolstoy alikiri kwamba ghasia za dakika za mwanzo zilimtisha mgeni, lakini akaeleza kwamba mwalimu akiwa na subira zilitulia zenyewe, kwa sababu wanaotaka kusikiliza huwanyamazisha wanaopiga kelele.

Uhuru huo haukumkinga na makosa, naye hakuyaficha. Wakati mmoja vitu viliibwa shuleni, na ikabainika kwamba mwizi ni mmojawapo wa wanafunzi. Watoto walipoulizwa adhabu gani itolewe, walipendekeza avalishwe kibandiko kinachomtangaza kuwa mwizi. Tolstoy aliridhia. Mvulana yule alivalishwa, akaibiwa raha yake, na baadaye akaiba tena, akavalishwa tena. Hapo Tolstoy alimtazama usoni, akaona jinsi watoto wengine walivyomcheka na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akigeuka kuwa kitu kingine, akakivua kile kibandiko. Alihitimisha kwamba shule haina haki ya kuadhibu, na akaliandika tukio zima katika jarida lake ili walimu wengine walisome.

Jarida hilo liliitwa Yasnaya Polyana kama shamba lenyewe, na lilitoka mwaka 1862 kwa matoleo 12. Ndani yake mna maelezo ambayo mwanafunzi wa ufundishaji wa lugha hana budi kuyatafuta, hasa yale yahusuyo ufahamu. Tolstoy alitofautisha hatua mbili. Ya kwanza ni kusoma kwa ulimi tu, yaani kuyageuza maandishi kuwa sauti bila kukwama. Stadi hii watoto waliipata kwa haraka, mara nyingi wao kwa wao, wawili wakiinamia kitabu kimoja, mwenye kujua akimvuta asiyejua. Taabu ilianza katika hatua ya pili. Mtoto aliyesoma ukurasa mzima bila kosa aliulizwa amesoma nini, akabaki ameduwaa.

Tolstoy alijaribu dawa mbalimbali. Aliwasomea Robinson Crusoe, akawataka wasimulie upya walichosikia. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na baadhi ya watoto walilia kwa kushindwa kuelewa na kusimulia. Aliwajaribu kwa Pushkin, kwa Gogol, na kwa tafsiri ya Kirusi ya utenzi wa Homer. Matokeo yakawa yale yale. Hatimaye alitambua kwamba tatizo halikuwa akili ya mtoto wala ugumu wa kisa. Lugha ya vitabu ilikuwa lugha nyingine, na baina yake na lugha ya kijijini palikuwa na bonde lisilo na daraja. Mwalimu wa Kiswahili ambaye wanafunzi wake huzungumza Sheng uwanjani na kukutana na Kiswahili sanifu kitabuni hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu msamiati, aliyoyasema yangali na uzito. Mwalimu anapolifafanua neno gumu, huleta badala yake neno jingine gumu vilevile, au rundo la maneno yenye uhusiano usiofahamika kwa mtoto. Kwa maoni yake, neno halishindikani kwa sababu ya sauti zake, bali kwa sababu dhana yake haijaingia akilini. Neno huwa karibu tayari pale dhana inapokuwa tayari. Basi mtoto apewe nafasi ya kulisikia neno geni ndani ya sentensi ambayo sehemu yake nyingine anaielewa. Alisikie mara ya pili katika sentensi nyingine. Dhana itaanza kumpambazukia, na siku moja atalazimika kulitumia mwenyewe. Likishatumiwa, neno na dhana vimekuwa mali yake. Kumlazimisha kabla ya hapo aliona ni sawa na kumfundisha mtoto kutembea kwa kumweleza kanuni za mizani ya mwili.

Kitu gani basi kingeweza kuwa daraja? Watoto wenyewe walimjibu kwa matendo. Vitabu vilivyowavuta vilikuwa ngano, methali, vitendawili na visa vya kale, vikiwamo vya Agano la Kale. Hapo hapakuhitajika kulazimishana. Mapokezi simulizi yalikuwa yamekwisha kuwafundisha jinsi kisa kinavyojengwa kabla hawajaijua hata herufi moja. Lakini ngano zilizochapishwa zilikuwa chache, na baina ya ngano na Pushkin hapakuwa na maandishi yoyote ya kuvukia. Tolstoy aliliacha suala hilo likiwa wazi. Ilimchukua miaka kumi kulirudia.

Kuhusu uandishi, tukio linalokumbukwa zaidi lilianzia kwenye methali. Alikuwa amewapa wanafunzi mkusanyiko wa methali za Kirusi na kuwaomba waandike kisa juu ya mojawapo, ile inayomsema mtu anayemlisha mwenziwe kwa kijiko huku akimdunga jicho kwa mpini. Maana yake Mswahili huijua kwa jina la masimbulizi. Watoto walikataa, waliona jambo hilo haliwezekani. Mwalimu akaanza kuandika mwenyewe, nao wakamzunguka kutazama. Kisa kilimhusu mkulima aliyemkaribisha mzee maskini nyumbani na kisha akaanza kumsimanga. Baada ya kurasa chache watoto walianza kusahihisha. Hili si kweli, mzee hawezi kusema hivi, mke atafanya vile. Wengine wakaondoka mmoja mmoja, wakabaki wawili, ambao Tolstoy aliwaita Semka na Fedka. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku walitunga, mwalimu akigeuka kuwa karani wao.

Semka alikuwa na kipaji cha kuona vitu: mavazi, nyuso, sauti za mlango. Fedka alijua kuchagua. Katika sehemu moja ya kisa jirani anatoka upesi nje kwenye baridi, na Fedka akashikilia kwamba lazima awe amevaa koti la manyoya la kike. Tolstoy aliuliza kwa nini liwe la kike. Alipotafakari alielewa: mtu aliyetoka kwa haraka katika nyumba ya kimaskini huvaa linalomwangukia mkononi. Koti moja lilionyesha haraka, baridi, ufukara na tabia ya mtu, bila sifa hata moja kutajwa. Mwandishi wa Utoto alishtuka kuona mtoto asiyejua kanuni za tahajia akiwa na kipimo kama hicho. Baadaye wanafunzi wengine walizichezea zile karatasi zikaangamia, na Tolstoy akahuzunika kuliko alivyopata kuhuzunikia maandishi yake. Semka na Fedka walipoiona huzuni hiyo walikuja nyumbani kwake jioni, wakajifungia na kukiandika upya, wakalala huko huko.

Tukio hilo ndilo lililozaa makala yake ya 1862 inayohoji ni nani hasa anayepaswa kujifunza kuandika kutoka kwa mwenziwe, mtoto wa mkulima au msomi. Mna chumvi nyingi katika makala hayo. Kumlinganisha Fedka na Goethe ni shauku ya mwalimu aliyelewa furaha. Hata hivyo ushauri wake wa kazi ni wa kiasi na unatekelezeka. Wape watoto mada nzito, zile zinazomgusa mwalimu mwenyewe, wala si mada za kitoto. Wasomeshe maandishi ya watoto wenzao. Usitoe maoni juu ya usafi wa daftari, hati wala tahajia wakati wa kuzungumzia utungo. Kwa kuwa ugumu wa kutunga hauko katika urefu bali katika kufanya mambo mengi kwa pamoja, yaani kuwaza, kuchagua maneno, kukumbuka yaliyotangulia na kuandika herufi, mwalimu achukue kwanza baadhi ya mizigo hiyo, kisha aitue mmoja mmoja mabegani mwa mwanafunzi. Walimu wa insha wanaorejesha madaftari yaliyojaa wino mwekundu wangefanya vyema kukaa kidogo na aya hiyo.

Serikali haikupendezwa. Kufikia 1862 shule nyingine kadhaa zilikuwa zimefunguliwa wilayani kwa msaada wake, na baadhi ya walimu walikuwa vijana waliotoka Chuo Kikuu cha Moscow, ambao polisi waliwashuku kwa siasa. Julai mwaka huo, Tolstoy akiwa Samara kwa matibabu, askari waliivamia Yasnaya Polyana wakitafuta mtambo wa siri wa kuchapia. Kwa siku mbili walipekua nyumba na shule, wakasoma barua na shajara zake. Hawakupata kitu, lakini doa lilikwisha kuingia. Tolstoy alimlalamikia Mfalme kwa hasira. Mnamo Septemba alimwoa Sofya Behrs, na muda si mrefu shule ikafungwa. Polisi hawawezi kulaumiwa peke yao: ndoa, na baada yake Vita na Amani, vilimchukua mzima mzima. Hapa ndipo palipo udhaifu wa mradi wake. Shule iliyosimama juu ya mfuko na kipaji cha mtu mmoja ilianguka alipogeuza uso.

Hata hivyo lile bonde lisilo na daraja halikumtoka mawazoni. Alianza kujifunza Kiyunani mwishoni mwa 1870, na punde akawa anamsoma Aesop katika lugha yake ya asili. Alikusanya ngano za Kihindi, za Kiarabu na za Kirusi, akazipunguza, akaziandika upya mara nyingi. Januari 1872 watoto wapatao 35 walikuwa tena nyumbani kwake, wakifundishwa na yeye, mkewe na hata wanawe wakubwa. Azbuka, yaani kitabu cha alfabeti, ilitoka mwaka huo. Ndani yake mlikuwa na hisabati, sayansi na hadithi fupi zenye sentensi nyepesi kama pumzi. Baadhi ya hadithi alizowaandikia watoto, kwa mfano ile ya dubu watatu na ile ya Filipok, mtoto mdogo anayetoroka nyumbani ili aende shule, Warusi huzijua tangu utotoni.

Mjadala mkali uliozuka ulihusu mbinu. Kwa desturi ya kale, mtoto wa Kirusi alikariri majina ya herufi: az, buki, vedi na kadhalika. Ili asome ba, alitakiwa kutaja buki na az, kisha abuni jinsi majina hayo mawili yanavyozaa silabi ile. Walimu wa mjini walileta kutoka Ujerumani mbinu ya kuzitenga sauti. Tolstoy alichukua njia ya silabi, ambayo haiko mbali na ba be bi bo bu ya madarasa ya Afrika Mashariki, ila alisisitiza kwamba mtoto aisikie silabi ikiungwa na kutenganishwa kwa mdomo kabla ya kuiona. Mwaka 1874 Kamati ya Kusoma na Kuandika ya Moscow iliandaa jaribio: makundi mawili ya watoto, mbinu mbili, wiki saba. Wanakamati hawakuafikiana juu ya mshindi. Tolstoy alitoa hoja zake katika makala marefu mwaka huo huo, kisha akafanya lililo bora zaidi, yaani akakiandika kitabu upya. Azbuka Mpya ya 1875 ilikuwa ndogo na rahisi kununuliwa, ikaidhinishwa na wizara, na ikachapishwa tena zaidi ya mara 20 katika uhai wake. Sensa ya 1897 ilionyesha kwamba ni kama mtu mmoja kati ya watano tu aliyejua kusoma nchini Urusi, jambo linaloonyesha ukubwa wa kazi iliyosalia.

Miaka ya baadaye ya Tolstoy ilitawaliwa na mgogoro wa imani, kutengwa na Kanisa la Kiothodoksi mwaka 1901, na sifa zilizovuka bahari. Mwaka 1910, Gandhi na rafiki yake Kallenbach walianzisha karibu na Johannesburg makazi waliyoyaita Shamba la Tolstoy, ambako watoto walifundishwa pamoja na kufanya kazi za mikono. Katika kitabu chake juu ya sanaa, alichokichapisha mwishoni mwa karne ya 19, Tolstoy alizikana takriban kazi zake zote za kubuni, hata zile riwaya mbili. Alizibakiza hadithi mbili tu: ile ya mfanyabiashara aliyefungwa bila hatia na ile ya mfungwa wa Kaukasi. Zote mbili alikuwa ameziandika kwa ajili ya wanafunzi wa shule ya msingi.

Alifariki Novemba 1910 katika kituo cha reli cha Astapovo, baada ya kuondoka nyumbani usiku. Alizikwa Yasnaya Polyana, msituni, bila msalaba, jeneza lake likibebwa na wakulima. Fedka wa ile makala, ambaye jina lake halisi lilikuwa Vasily Morozov, alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima wa makamo. Naye aliandika. Kumbukumbu zake za shule ya Yasnaya Polyana zilichapishwa Moscow mwaka 1917.